Mtoto Akitoroka, Tuulize Anatoroka Nini



Safari hii tulipanga kuandika juu ya usafi wa vyoo, neno ambalo tulikwisha kuahidi mara mbili. Vyoo vitangoja. Kuna neno lingine limetushika, na tumeona si vizuri kulinyamazia mpaka trimesta iishe.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu alipotea. Jina lake hatuliandiki, yeye mwenyewe aliomba hivyo. Baba na mama yake walikufa, na sasa anakaa kwa baba yake mdogo huko juu Kadutu, nyumba ya vyumba viwili, watu tisa. Siku ile ya kwanza ya juma, baada ya ibada, majina ya wale ambao hawajalipa minervali yalisomwa mbele ya darasa. Jina lake lilisomwa mara ya tatu katika mwezi ule mmoja. Akachukua mfuko wake, akatoka. Sisi tulifikiri amekwenda nyumbani. Kwao walifikiri yuko masomoni. Siku tatu zikapita, hakuna aliyejua yuko fasi gani.

Alipatikana bandarini, pale mitumbwi ya Idjwi inaposhusha mananasi na ndizi. Alikuwa anabeba mizigo ya wamama kwa franga kidogo, na usiku analala chini ya meza za soko. Majirani wawili walimleta, mmoja amemshika mukaba, mwingine amebeba mfuko wake wa madaftari. Njia nzima watu walikuwa wanauliza: "Iko mwizi?" Na wale wanajibu: "Hapana, iko maibobo, alikimbiaka." Aliporudi darasani, kuna waliocheka. Mpaka leo kuna wanaomwita Maibobo wakati mwalimu ameugeuzia darasa mgongo. Sisi wa kamati ya gazeti hatusimami juu ya wengine katika neno hili. Mmoja wetu alicheka naye, na ndiye aliyesema kwanza kwamba tuandike.

Sasa angalieni. Mkuu wa nidhamu alimuuliza: ulikuwa wapi? Baba mdogo alimuuliza: ulikuwa wapi? Pasta alimuuliza hivyo hivyo, na sisi pia tulipokuwa tumekaa naye chini ya mti. Watu wengi waliuliza swali moja tu, fasi alipokwenda. Hakuna aliyemuuliza juu ya nini aliondoka. Tulipomuuliza, baada ya majuma mawili, alijibu maneno machache sana: "Ku masomo banasoma jina yangu. Ku nyumba kila saa ya bugali banahesabu mbele ya batoto vile mie namaliza franga. Nilitafuta fasi yenye hakuna mutu ananihesabu."

Maneno hayo tulikuwa nayo bado kichwani wakati mwalimu wetu wa historia alipofika kwenye somo la Stanley. Kila mtoto wa Kongo anamjua Stanley, yule Bula Matari, mvunja mawe. Tunajua kwamba Kisangani iliitwa kwa jina lake mpaka mwaka 1966. Tunajua alimwona Livingstone Ujiji mwaka 1871, kisha akatoka Bagamoyo mwaka 1874, akapita Maniema, jirani zetu, akaufuata mto mpaka Boma, akafika mwezi wa nane 1877. Hapa kwetu Bukavu hakufika. Ziwa Kivu hakuliona. Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulijua, na mwalimu alilisema kama kwa bahati tu, akitafuta chaki: Stanley alikuwa mtoto aliyetupwa.

Tulimfuata mwalimu baada ya saa, tukatafuta katika vitabu, na habari yenyewe ni hii.

Alizaliwa mwaka 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, nchi ya Wales, wakati wa Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza tangu 1837 mpaka 1901. Jina lake halikuwa Stanley. Aliitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na katika kitabu cha ubatizo cha kanisa aliandikwa pamoja na neno la kumtangaza kwamba ni mtoto wa nje. Fikirini: mtoto wa majuma machache, na aibu yake imekwisha kuandikwa kwa wino katika kitabu cha kanisa. Mama alimwacha kwa babu. Babu akafa mtoto akiwa na miaka mitano. Wajomba wakampeleka kwa jirani, wakawa wanalipa kila juma, kisha malipo yakakatika. (Hapo mwenzetu mmoja alisema: "Basi, ni minervali tu!") Siku moja ya mwezi wa pili 1847, kijana wa nyumba ile alimchukua, akamwambia wanakwenda kumwona shangazi. Wakatembea njia ndefu. Wakafika kwenye jengo kubwa la mawe, kijana akapiga kengele, mlango ukafunguliwa, mtoto akaingizwa ndani, na yule kijana akaondoka. Hakukuwa na shangazi. Stanley aliandika uzeeni kwamba siku ile ndiyo iliyomfundisha kwanza kwamba mtu anaweza kukudanganya kwa sauti ya upole.

Jengo lile lilikuwa nyumba ya maskini ya St Asaph. Inafaa tueleze kidogo, kwa sababu kwetu hatuna kitu cha namna hii na neno lake halipo. Mwaka 1834 Waingereza walitoa sheria kwamba maskini asiyeweza kujilisha asisaidiwe tena nyumbani kwake, ila aingie katika nyumba kubwa ya mtaa, afanye kazi humo, ale humo. Na nyumba hiyo ifanywe ngumu makusudi, ili mtu asiikimbilie ila ameshindwa kabisa. Mume aliwekwa upande wake, mke upande wake, watoto upande wao. Nguo moja kwa wote. Mwandishi Charles Dickens alikasirikia sheria hiyo akaandika hadithi ya Oliver Twist, iliyotoka kidogo kidogo katika gazeti tangu 1837 mpaka 1839. Wale waliosoma habari za Rémi katika kitabu cha Kifaransa Sans famille wanajua ladha ya mambo hayo. Lakini Oliver na Rémi ni watu wa hadithi, na mwisho wao ni mwema: wanapata jamaa, wanapata mali. John Rowlands alikuwa mtu wa kweli.

Alikaa mle miaka tisa. Mwalimu wao alikuwa na mkono mmoja, na mkono ule ulijua fimbo. Aliandika pia kwamba siku moja waliletwa watu wapya, mkuu akamwonyesha mwanamke mrefu akamuuliza kama anamjua. Akajibu hapana. Alikuwa mama yake. Amekuja na watoto wengine wawili, naye pia shida imemleta. Mama alimtazama tu. Hakumwambia neno.

Alitoka mwaka 1856, umri miaka kumi na mitano. Akazunguka kwa ndugu, huku miezi michache, huku miezi michache, kila nyumba ikimwonyesha kwamba mkate wake unahesabiwa. Mwisho wa 1858 akapanda merikebu Liverpool akaenda Amerika, mji wa New Orleans, na huko akajitafutia jina jipya. Kulikuwa na tajiri wa pamba aliyeitwa Henry Hope Stanley. Kijana akachukua jina lake, na baadaye akawaambia watu wote kwamba tajiri yule alimfanya mwanawe. Waliochunguza habari zake miaka ya karibuni wanaona hakufanywa mwana na mtu yeyote. Alijitungia baba. Sisi tuliposoma hapo hatukumcheka. Tunamjua mwanafunzi (si yule wa bandarini, ni mwingine) aliyesema miaka miwili kwamba baba yake yuko Kanada.

Kuna jambo lingine alilolisimulia kwa fahari. Alisema hakutoka St Asaph kwa ruhusa: alimpiga yule mwalimu mkali mpaka akaanguka, kisha akaruka ukuta pamoja na mwenzake, wakatoroka. Hili nalo wachunguzi wanaona halikuwa hivyo. Lakini angalieni alichotaka kiaminiwe. Mzee mwenye sifa dunia nzima, aliyepewa cheo na malkia, alitaka watu wamkumbuke kama mtoto aliyetoroka nyumba ya mateso. Kwa yeye, kutoroka kule kulikuwa ushujaa.

Shikeni neno hilo, tutalirudia. Kwanza tuwaambie habari za Kalulu.

Mwaka 1871, Stanley akiwa Tabora katika safari ya kumtafuta Livingstone, mfanyabiashara Mwarabu alimpa zawadi. Zawadi yenyewe ilikuwa mtoto, mtumwa mdogo, aliyeletwa mbali na kwao. Jina lake lilikuwa Ndugu Mhali. Stanley alieleza maana yake kuwa mali ya ndugu yangu. Jina halikumpendeza, akawauliza watu wa msafara wamtafutie lingine, wakataja hili na lile mpaka likapatikana Kalulu, kwa sababu ya macho yake mepesi na mwendo wake wa haraka. Hivi mtu aliyejibadilishia jina mwenyewe alimbadilishia mwingine. Tofauti ni kwamba wa kwanza alichagua. Wa pili alikuwa amesimama tu, wakubwa wakichagua.

Kalulu alipelekwa Uingereza mwaka 1872. Alipigwa picha pamoja na Stanley, amesimama na bunduki au na sinia ya chai kama mpiga picha alivyotaka. Mwaka 1873 Stanley akatoa kitabu cha hadithi chenye jina la mtoto huyo. Akawekwa shuleni London, akajifunza Kiingereza. Wakati safari ya pili ilipoanza mwaka 1874 akarudishwa Afrika pamoja na msafara. Alikuwa amekwisha kuwa kijana.

Mwaka 1876, karibu na Ziwa Tanganyika, msafara ukijiandaa kuingia Maniema, watu wengi waliogopa wakatoroka. Kalulu alitoroka pamoja nao. Tunataka msome hapo polepole. Mtoto aliyevalishwa suti, aliyesomeshwa, aliyeandikiwa kitabu, aliyekula meza moja na bwana mkubwa, alitoroka. Na Stanley alituma watu wakamtafute. Akapatikana, akarudishwa.

Mwezi wa tatu tarehe 28, mwaka 1877, huku chini ya mahali palipo Kinshasa leo, mto ukauchukua mtumbwi alimokuwa Kalulu na wenzake, ukautupa kwenye maporomoko. Hawakuonekana tena. Stanley aliumia, hilo tunaliamini. Maporomoko yale akayaita kwa jina la Kalulu, jina lile alilompa.

Hakuna kitabu tulichokiona kinachosema Stanley alimuuliza Kalulu: ulitoroka juu ya nini? Yeye, ambaye alijua kuliko Wazungu wote wa safari ile jinsi mtoto anavyojisikia katika nyumba ambayo si yake. Kutoroka kwake mwenyewe kulikuwa ushujaa. Kutoroka kwa Kalulu kulikuwa kosa.

Tulipojadili mambo haya, mwalimu mmoja ambaye tunamheshimu sana alitupinga. Alisema: "Batoto, angalieni vizuri. Mateso ndiyo yalimkomaza. Kama asingelala St Asaph asingevuka Afrika." Na wazee wetu wengi wanasema hivyo nyumbani: wacha ateseke, ataiva. Sisi tunasema kwa adabu kwamba hatukubali. Nguvu za miguu labda alizipata kule, na ujasiri, na kutokuchoka. Lakini mateso hayakumpa huruma kwa kuwa tu yalikuwa mateso. Katika safari zake alipiga watu fimbo, aliwafunga minyororo waliotoroka, na aliyaandika mwenyewe bila kuficha. Fimbo ya yule mwalimu wa mkono mmoja ilivuka bahari ikafika kwetu. Tusimhukumu kupita kiasi. Mwaka 1896, amekwisha kuoa, yeye na mkewe walichukua mtoto mchanga kutoka Wales wakamlea kama wao, na watu waliomwona wanasema alimpenda mno. Kwa hiyo moyo ulikuwapo. Ulichelewa tu, na wakati ule Kalulu alikuwa mtoni miaka kumi na tisa.

Tena, fikirini kazi yake baada ya hapo. Tangu 1879 mpaka 1884 alimfanyia kazi Mfalme Leopold, akijenga vituo kando ya mto. Mwaka 1885 Leopold akapata nchi. Na mwezi wa saba 1890 ilitoka dekreti iliyosema kwamba watoto waliokombolewa utumwani, na yatima, na waliotupwa, wote ni wa Serikali, Serikali ndiyo baba yao. Maneno mazuri, sivyo? Wakafungua makambi ya watoto Boma na Nouvelle-Anvers, ambayo leo ni Makanza. Vijana wakafundishwa uaskari, waingie Force Publique. Wengi wao walikuwa yatima kwa sababu askari wa Serikali ile ile walipita kijijini kwao. Na wengi walikufa njiani kabla ya kufika kambini, kwa njaa na magonjwa.

Hapo ndipo neno hili linapofika mlangoni petu. Mtoto ambaye hakuna anayemuuliza, hakosi wa kumchukua. Anayemchukua ni yule mwenye kazi naye. Wazazi wetu wanakumbuka mwaka 1996 hapa Bukavu, vita vilipoingia, na watoto waliobeba bunduki ndefu kuliko wao. Waliitwa kadogo. Wengine walichukuliwa kwa nguvu, lakini wengine walikwenda kwa miguu yao, na mama mmoja anayetuuzia mikate pale nje alituambia habari ya kijana wa mtaa wao: "Alienda juu kule banamupatia bulangeti na chakula, na hakuna mutu alimutafuta." Hatukuweza kuongeza kitu.

Yatima katika mji huu ni wengi, na tusijifanye hatuwaoni. Mwezi wa tano 2023 mvua ilishuka Kalehe, maji na mawe yakafunika Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya mia nne wakafa, na watoto waliobaki wengine wako mjini kwa ndugu zao. Mwaka 2025, mwezi wa pili, vita vilifika hapa, banki zikafunga, na nyumba nyingi zilizokuwa zinalisha watoto wa ndugu zikashindwa hata watoto wao wenyewe. Hatuwalaumu. Baba mdogo wa mwenzetu ana watoto sita, kazi yake ni kubeba mchanga. Hesabu ile ya bugali tunaichukia, lakini tunajua inatoka wapi.

Kuna hesabu mbaya zaidi. Mtoto wa ndugu akikojoa kitandani, au mgonjwa asipopona, kuna nyumba zinazosema ni yeye, ana uchawi. Hiyo nayo inajaza barabara. Sheria ya nchi inakataza. Katiba ya 2006, katika artikelo ya 41, inakataza kumtupa mtoto na kumshitaki uchawi, na sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya kumlinda mtoto inaweka adhabu. Wanafunzi wengi hawajui kwamba sheria hiyo ipo. Tumeomba mwalimu wa uraia aisome darasani, amekubali.

Sasa juu ya shule yetu. Tunajua walimu wanakula kwa minervali. Masomo ya msingi yalifanywa bure tangu 2019, lakini sekondari bado mzazi ndiye anayelipa, na mwalimu asiyelipwa naye ana watoto. Hatusemi watu wasilipe. Tunauliza: ni lazima majina yasomwe kwa sauti? Karatasi ndogo iliyokunjwa inaweza kumfikia kila mwenye deni, na hakuna atakayejua ila yeye na sekretari. Jambo hili halihitaji franga hata moja.

La pili, mtu akikosa masomo siku mbili, chefu wa darasa na mwenzake mmoja waende kwao. Waende kama wageni, si kama polisi. Kama hayupo kwao, tutajua siku ya pili na si ya nne. Na wanapomwona, swali la kwanza lisiwe ulikuwa wapi.

La tatu ni kisanduku. Hapo ndipo tulipobishana sana katika kamati. Wengine walisema franga mia tano za kila mwanafunzi kwa mwezi zitasaidia watu wawili au watatu tu, na kama wenye shida ni thelathini, afadhali tusianze, tutaonekana waongo. Tulikaribia kuacha. Kisha mmoja wetu akatukumbusha habari aliyoisoma ya daktari Barnardo, mtu wa wakati ule ule wa Victoria, aliyefungua nyumba ya wavulana huko Stepney, London, mwaka 1870. Usiku mmoja mtoto aliyeitwa John Somers, ambaye wenzake walimwita Karoti kwa ajili ya nywele zake nyekundu, aliomba kuingia. Akaambiwa vitanda vimejaa, arudi siku nyingine. Baada ya siku chache alikutwa amekufa nje, kwa njaa na baridi. Tangu hapo Barnardo alisema hatamfungia mlango mtoto yeyote asiye na kwao. (Mambo yake mengine tunayakataa. Nyumba za namna ile zilipeleka watoto wengi Kanada wakafanye kazi mashambani, na wengi hawakuulizwa vizuri kama wanataka. Tazameni, swali ni lile lile.) Tuliposikia habari za Karoti tukanyamaza, kisha tukapiga kura. Saba walikubali kisanduku, wawili walikataa.

Kuna neno la nne, na hili ni kwa wanafunzi peke yao. Jina la Maibobo liishe. Wale watoto wa kando ya barabara wana majina, na mwenzetu ana jina alilopewa na mama yake kabla hajafa. Kalulu alipoteza lake mbele ya watu wanaocheka wakitafutatafuta, na leo hata maporomoko hayalijui lile la kwanza.

Mwenzetu bado yuko kwa baba yake mdogo. Pasta wa mtaa alikwenda huko mara mbili, wakaongea jioni nzima, na sasa chakula chake hakihesabiwi kwa sauti. Deni lake la trimesta hii halijaisha. Mtihani wa hesabu alifanya, wa Kifaransa hakufanya kwa sababu ndio uliokuwa siku zile za bandarini, na tumemwomba Bwana Prefe kwa barua aruhusiwe kuufanya tena. Jibu tunalingoja.

Kisanduku ni cha mbao, kiko karibu na mlango wa bibliotheki, upande wa kushoto. Ufunguo uko kwa mama anayetunza vitabu, na kila siku ya tano saa sita atakifungua mbele ya wanafunzi wawili wa mwaka wa sita. Juma la kwanza zilipatikana franga elfu kumi na nne na mia tano, na kifungo kimoja cha shati.